Injini Upande Huu, Bodi Ng'ambo ya Barabara

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa klabu yetu ya mashindano ya magari. Ndugu mwenyekiti wa mtaa. Bwana msambazaji wa mafuta, uliyetugharamia hema hili na viti hivi. Ndugu madereva na mafundi. Wateja, na majirani mliofunga maduka yenu ili mje kutusikiliza. Mdogo wangu, mwenye gereji hii inayofunguliwa leo. Na wewe kaka yangu mkubwa, uliye ng'ambo ya barabara nyuma ya mlango wa bati ulioteremshwa nusu, ambaye hukualikwa, na ambaye hata ungealikwa usingekuja, lakini viatu vyako naviona hapo chini ya mlango: habari za mchana.

Nimepewa nafasi hii kwa kuwa mimi ni dada wa mwenye gereji, na kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikiliendesha lile gari la mashindano walilolijenga yeye na kaka. Bwana msambazaji amenirahisishia kazi, ameniletea na mada kabisa: niwaelezeni kwa nini mwenye gari la mashindano achague mafuta ya oktani ya juu na aachane na chupa za viongezeo vya kumiminwa kwenye tangi. Nitaieleza, bwana msambazaji, usiwe na wasiwasi. Nimekalia kiti chako, siwezi kukutupa.

Petroli ikiingia kwenye silinda hubanwa pamoja na hewa. Ya kawaida ikibanwa kupita kiasi inashindwa kuvumilia, inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na hapo ndipo mnaposikia injini inagonga, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Oktani ni kipimo cha uvumilivu huo, basi. Si nguvu. Wewe unayekwenda na gari kazini na kurudi, injini yako haikudai oktani ya juu, ukiitia unamfurahisha bwana msambazaji peke yake. Lakini injini yenye turbo, iliyotegeshwa kwa ajili ya mashindano, hiyo inabana kwelikweli, na ukiinyima mafuta yenye uvumilivu itajitoboa yenyewe. Na chupa je? Chupa si uchawi wala si sumu. Ipo inayosafisha njia za mafuta. Ipo inayopandisha oktani kidogo, nami naomba mlishike hilo neno kidogo. Ipo pia inayoacha vumbi jekundu kwenye plagi. Ukijua injini yako imetegeshwaje, utajua uitie nini.

Mmeona? Mada imekwisha. Watu wawili wenye akili zao wanaimaliza kabla chai haijapoa. Sasa niambieni, imekuwaje ndugu zangu wa tumbo moja, mafundi ambao mtaa mzima unawasifu, wakashindwa kuimaliza mpaka leo?

Ndugu wageni waalikwa, wengi wenu mnaikumbuka gereji ya baba ilipokuwa moja, hapo ng'ambo. Kaka alishika bodi, chesisi, springi na breki. Mdogo wangu alishika injini. Walilala wote wawili chini ya gari moja, miguu minne imetoka nje, na mmoja akinyoosha mkono, mwenzake anamwekea spana anayoitaka bila kuulizwa namba. Nilikuwa nakaa kwenye tairi kuukuu nawatazama, nikitamani na mimi ningekuwa na mtu wa kunijua namna ile. Gari walilonijengea lilikuwa bovu, la kununuliwa kama chuma chakavu, wakalifufua nati kwa nati mpaka likapanda mlima wa mashindano mbele ya magari ya watu wenye uwezo wao. Mama alikuwa akitusikia tangu kwenye kona ya soko. Macho yake yalishaanza kumsumbua wakati huo, lakini mlio wa lile gari aliujua kama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Akiusikia unasogea, anainuka kufungua geti. Hatukuwahi kupiga honi nyumbani kwetu.

Kaka aliamini chupa kwa sababu baba alitumia chupa. Mdogo wangu, tangu arudi kutoka mafunzoni, aliamini mafuta ya pipa, yale ya oktani ya juu yanayoagizwa. Walitaniana kwa hilo, na nyie mkawabandika majina: Kaka Chupa na Bwana Pipa. Nasi tulicheka. Utani ulikuwa mtamu, nani angejua kwamba unaota mizizi?

Siku ya mashindano ya mwisho, mdogo wangu alikuwa ameigusa taimingi ya injini, ule wakati wa plagi kutoa moto, akaisogeza ifae kwa mafuta ya pipa. Hakumwambia kaka. Pipa lenyewe likachelewa njiani. Bwana msambazaji, sikulaumu, barabara ni barabara. Mdogo wangu akaondoka kwenda kulifuatilia. Huku nyuma jina letu likaitwa, tangi likiwa karibu tupu. Kaka afanye nini? Akatia petroli ya kawaida, akamimina chupa yake juu, akapiga boneti konzi kama kawaida yake, akaniambia, "Dada, panda mlima." Alitia mafuta yaliyoifaa injini aliyoijua. Hakujua kwamba injini aliyoijua haipo tena.

Kwenye kona ya tatu nikaisikia misumari ndani ya kopo. Niliinua mguu palepale, lakini pistoni ilishatoboka. Tukarudi chini kwa mteremko, mimi na gari, kimya, moshi unatutangulia. Na huko chini nikamkuta mdogo wangu amerudi, na wamekwisha kuanza kugombana.

"Mbona hukuniambia umegusa taimingi?"

"Ningekuambia ungenisikiliza? Si ungenianzishia habari za chupa za baba!"

"Baba usimtaje hapa. Na wewe ungekuwepo, ningekuuliza."

"Nilikuwa nafuata mafuta! Mafuta! Si rangi ya kuchora plagi!"

Maneno hayo, mheshimiwa, ndiyo ya mwisho waliyosemeshana. Mdogo wangu akaitoa plagi nyekundu akawa anaionyesha kila mpita njia. Kaka akaitundika pistoni iliyotoboka ukutani, kila mteja akiingia anaambiwa, "Tazama kazi ya msomi." Na kila mmoja wao alikuwa anasema kweli, ndiyo maana hakuna aliyeshindwa. Injini haikuuawa na chupa wala haikuuawa na pipa. Iliuawa na watu wawili waliosimama ubavu kwa ubavu, mmoja akaogopa kelele asiseme, mwingine akaogopa kuchekwa asiulize.

Sasa nije kwako, mheshimiwa mgeni rasmi, kwa maana nisipokushukuru nitakuwa sina adabu. Wewe ndiye uliyekubali kuwasuluhisha wakati sisi wa nyumbani tumeshindwa. Uliketi, ukawasikiliza kwa utulivu, hukumpendelea mkubwa kwa ukubwa wake wala mdogo kwa udogo wake. Ukaamua kila mmoja achukue alichokijenga kwa mikono yake: wa bodi achukue bodi, wa injini achukue injini. Ni haki. Sijapata kuona haki iliyonyooka kama ile. Watu wote waliridhika, mheshimiwa, isipokuwa gari.

Nilisimama katikati ya barabara hii nikizuia magari wakati injini inavushwa kwa winchi, mafuta yanadondoka kwenye lami kutoka mlango ule mpaka mlango huu. Lile doa bado lipo, mmelikanyaga mlipokuwa mnakuja. Jioni nilipomweleza mama, alisema, "Gari si mbuzi, mwanangu. Mnagawanaje mapaja?"

Tangu hapo mtaa wetu nao umegawanyika. Mdogo wangu ameandika hapa juu ya mlango, kwa rangi nzuri, "Hapa hatutumii chupa." Ng'ambo pameandikwa, "Chupa zinapatikana, na ushauri bure." Nyie mnacheka. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Lakini kuna vijana wa klabu yetu humu ambao hawasalimiani kwa sababu mmoja ni wa chupa na mwenzake ni wa pipa, na mmoja wao hana gari. Mimi mwenyewe siku hizi nafundisha udereva. Gari langu lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yangu, na baiskeli zinatupita. Sisemi ili mnionee huruma. Nasema kwa sababu kila nikipita njia hii na mwanafunzi natazama kulia, naona bodi imeng'arishwa, boneti iko wazi, ndani hamna kitu, natazama kushoto, naona injini juu ya stendi imefunikwa turubai, na mwanafunzi ananiambia, "Mwalimu, tazama mbele."

Juzi nilipita hapa kumletea mdogo wangu chakula. Alikuwa chini ya gari la mteja. Akanyoosha mkono nje, kiganja wazi, akasubiri. Ule mkono ulikaa hewani. Nilitaka kumwekea spana, lakini mimi sijui anataka ipi. Aliyekuwa anajua ni mmoja tu. Kisha mkono ukarudi ndani, na akatoka mwenyewe kuitafuta. Mdogo wangu, usiinamishe kichwa, sikuaibishi. Nimemwona na kaka akifanya vivyo hivyo, ng'ambo hapo. Nimewaona nyote wawili.

Basi, ndugu wageni, mnajua leo hatukati utepe. Mdogo wangu ameikarabati ile injini. Imewekwa pistoni mpya, imefungwa kwenye stendi kwa bolti, imewekewa mafuta ya bwana msambazaji, ya oktani ya juu kuliko yote, nami nimeombwa nibonyeze kitufe iwake mbele yenu. Imekamilika. Haigongi. Ina uvumilivu wote unaoweza kununuliwa. Na haiendi popote! Itanguruma hapa juu ya stendi mpaka mafuta yaishe, na bodi yake iko hatua chache tu kutoka hapa, mnaiona wote.

Nilipokubali kuja, sikuja na matumaini makubwa, lakini nilikuwa nayo kidogo. Nilisema moyoni, nikipewa kipaza sauti, kaka atanisikia hata asipotaka. Kaka, unanisikia? Sikuulizi nani alikuwa na makosa. Hilo limenichosha, limetuchosha sote, hata hao wanaoshangilia limewachosha, ila wanaona aibu kusema. Nakuomba kitu kimoja. Inua huo mlango, vuka barabara, uje usimame hapa wakati inawaka. Usimsemeshe mtu. Winchi ipo, mikono ipo, tutaivusha injini tuirudishe mahali pake leo hii, na mgombane vizuri mkiwa na gari zima. Mdogo wangu hasemi, lakini mimi nimemlea, na najua anaangalia wapi. Anaangalia viatu vyako.

Mtulie kidogo, jamani. Mpeni nafasi.

Kiatu kimoja kimesogea mbele. Mmeona? Nyie mlio kule nyuma, mmeona?

Kimerudi.

Mlango unashuka. Msipige miluzi, tafadhali, yule ni kaka yangu. Ameufunga mpaka chini. Sawa. Nimekuona, kaka. Nimeisikia na kufuli.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sina hekima ya kumalizia. Walionitangulia kwenye shughuli za namna hii humalizia kwa kusema kesho itakuwa njema, nami ningependa kusema hivyo, ila nikisema hivyo sasa hivi mtajua naigiza. Nyumba yetu imekatika katikati kama lile gari, na kila kipande kinang'arishwa kwa bidii na mwenyewe. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna mtu mbaya humu wa kumchukia. Ningekuwa naye, ningelala vizuri.

Mama hayupo hapa. Alikataa kuja upande huu kama alivyokataa kwenda upande ule, akasema atakaa nyumbani, mwisho wa mtaa, dirisha wazi. Spika zetu zimeelekezwa huko, kwa hiyo amenisikia tangu mwanzo. Asubuhi aliniuliza kama ni kweli itawashwa, nikamwambia ni kweli, na uso wake ukachangamka kwa namna ambayo nilikuwa sijaiona siku nyingi. Sikuwa na moyo wa kumweleza yaliyobaki. Kwa hiyo imebidi nimweleze mbele yenu.

Nawashukuru nyote kwa kuja, kwa kukaa juani, na kwa kunivumilia mimi niliyealikwa kusifu mafuta. Kidole changu kiko kwenye kitufe. Mlio wake muusifu, kwa sababu ni mzuri kweli, ni kazi ya ndugu yangu.

Mama, ukiusikia sasa hivi, ni wenyewe, hujakosea. Lakini hautasogea. Usiinuke kwenda kufungua geti, mama. Hatuji.