Bafle Mbili Mahali pa Mbuzi Wawili

Kijiwe cha Mama Berthe kilikuwa kwenye kona ya mtaa wa Vungi, mjini Butembo, na mali yake ilikuwa benchi moja, termosi mbili za kahawa na wataalamu watatu wa kila kitu. Miaka ile ya uasi mji ulikuwa na makomanda wengi kuliko balbu, na mtu aliyekosa habari ya kusimulia alidhaniwa mgonjwa. Siku hiyo habari ilikuja kusimama yenyewe mbele ya benchi: bafle mbili, yaani spika ndefu za kusimama chini, zinazomfikia mtu kifuani, nyeusi, mpya, zile za bei nafuu zinazotoka Dubai. Zilikuwa za Mumbere, na Mumbere alikaa kando yazo akiwa hana raha hata kidogo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mumbere alitaka kumwoa Jokébed, na katika mahari walibaki mbuzi wawili tu. Mbuzi walikuwepo, tena wamenona, ila walikuwa kwa mjomba wake kijijini Masereka, na barabara ya Masereka ilishikwa na wapiganaji ambao mbuzi akipita mbele yao hafiki aendako. Mzee Ézéchias, baba wa msichana, mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kanisa, alifikiri sana, kisha akatoa neno: kijana alete bafle mbili. Atazisikiliza mwenyewe. Sauti ikiwa safi, atazihesabu kama mbuzi. Ikiwa mbaya, wangoje amani. Na amani haikuwa imemwambia mtu yeyote itakuja lini.

Mzee alitazamiwa jioni hiyo. Essence, yaani petroli, ya kuwasha groupe, ile jenereta ndogo ya jirani, ilitosha wimbo mmoja tu, na huo ulikuwa wa mkwe. Kwa hiyo Mumbere aliwaomba watu wa kijiwe wampimie sauti ya bafle bila kuziwasha. Kijiwe hakikuona tatizo lolote.

— Mbele ya yote, bafle munapima na uzito, alianza Syauswa. Walimwita Dubai, kwa sababu binamu yake aliwahi kufika huko. Yeye mwenyewe aliishia Kasindi, mpakani. — Ile nyepesi ni carton tu. Kule Dubai, bafle ya muzuri inabebwa na batu bane, na mumoja anabakia na mugongo mubaya mpaka kufa.

— Hizi nilizibeba miye peke yangu, Mumbere akasema.

— Pole.

— Uzito ni mambo ya bafunga mizigo, alisema Zorobabel. Huyo ndiye Profesa. Alifundisha shule ya msingi muhula mmoja na hakupona tena. — Sauti ni hewa. Angalieni hii tundu ya nyuma. Bafle inavuta pumzi huku, inaimba kule. Donc kama tundu iko ndogo, wimbo ya murefu itaikata roho katikati.

Akaingiza mkono kwenye tundu mpaka kiwiko, akafumba macho.

— Unasikia nini, Profesa?

— Baridi.

— Baridi ni muzuri ao mubaya?

— Inategemea na kwaya.

Mumbere alimgeukia Mathe, aliyeitwa Maskio, maana huyo kijiwe kilimheshimu kweli. Mlio ukisikika milimani, yeye ndiye aliyesema ni silaha gani, ya nani, na kama kuna haja ya kuacha kikombe.

— Bote munasema bongo, uongo mutupu, alisema Maskio. Kila kitu inapiga kelele iko na kwao. Bunduki ya Mabalako inalia pole pole, sababu ya miti. Ya Mutwanga inalia mara mbili, juu ya mulima. Hizi zilipita barabara ya Kasindi, zikatikisika mu mashimo yote. Zitaimba na kigugumizi.

— Mais juu ya vile zitahesabiwa mbuzi, alisema Dubai, tuzipime kama mbuzi! Papa Ézéchias atazibinya mugongo, mutaona. Atauliza dume ni gani.

Wote wakainama. Nyuma ya bafle moja iliandikwa L, nyuma ya nyingine R.

— Voilà, alisema Profesa. L ni Lume, dume. R ni Reine, malkia. Ile ya Lume itaimba sauti nzito, ile ya Reine itaimba ya bamama.

— Hapana, alisema Maskio. L ni Lubero, R ni Rutshuru.

— Eeh?

— Kwa hiyo haziwezi kuimba pamoja. Barabara imefungwa.

Mama Berthe, aliyekuwa akimimina kahawa, alicheka mpaka akamwagia benchi. Lakini Mumbere hakucheka. Alimpenda yule msichana, alimpenda hata usingizi ulikuwa unampita pembeni, na sasa ndoa yake ilikuwa imefungwa kati ya Lubero na Rutshuru.

— Tujaribu kidogo, akasema.

— Mumbere, ile essence ni ya mukwe wako, alisema Mama Berthe.

— Kidogo tu, mama. Dakika moja, kisha tunazima.

Wakawasha groupe nyuma ya ukuta. Mumbere akaunganisha bafle na redio-kaseti aliyoiazima, akatia kaseti ya kwaya ya mzee mwenyewe. Wakangoja. Kimya.

— Ongeza, alisema Profesa, na mkono wake ukarudi ndani ya tundu, kufuatilia hewa.

Dubai akazungusha kifundo cha sauti. Kimya.

— Ongeza!

— Nilisema itakuwa na kigugumizi, alisema Maskio, akaegemea bafle ya Rutshuru.

Dubai akazungusha mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kaseti huanza na utepe mtupu. Halafu ngoma kubwa ya kwaya ikaingia.

Bum.

Vikombe viliruka. Kuku wa jirani aliyekuwa ametulia kabisa akapanda juu ya mabati. Maskio, mgongo wake ungali kwenye bafle yenyewe, akapiga yowe:

— Calibre kubwa! Iko mbali, iko Mangina! Lakini inakuya!

Na akazama chini ya benchi. Dubai akamfuata. Profesa hakukimbia, kwa sababu mkono wake ulikuwa umekwama.

Bum, tena. Mtaa mzima ukafunga milango na kuifungua upande wa pili. Wakatoka wenye vitoto mgongoni, wenye sufuria, wenye redio, mmoja na mlango wenyewe. Halafu kwaya ikapokea, sauti zote nne, na hapo mambo yakaharibika kabisa, maana wapiganaji wa siku zile walikuwa na desturi ya kuingia mjini wakiimba.

— Banakuya wanaimba! mtu akalia. Batoto, bondeni! Banakuya wanaimba!

Mumbere akarukia kifundo apunguze sauti. Hakikuwepo. Kilikuwa kimechomoka, kikabaki mkononi mwa Dubai, na Dubai alikuwa chini ya benchi akiomba msamaha wa dhambi zake kwa majina.

Kwaya iliimba mpaka groupe ikakohoa na kufa. Barabara ilibaki na kandambili moja na ndizi zilizomwagika. Vungi yote ilikuwa imeteremkia bondeni, na nyumba ya mzee Ézéchias, pale juu kidogo, ilikuwa wazi na tupu. Mumbere akakaa chini mavumbini. Essence imekwisha, mkwe amekimbizwa na mahari yake mwenyewe, na Jokébed yuko huko bondeni pamoja na wengine. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

— Quand même, alisema Profesa akivuta mkono wake, basse, ile sauti nzito, iko muzuri.

Hapo ndipo walipoona mtu anakuja mbio, peke yake, kutoka upande ambao watu wote walikuwa wameuelekea. Alikuwa na godoro kichwani, lile waliloliita matela, na sufuria mkononi. Alikuwa Jokébed.

— Mumbere! Uko muzima?

— Niko muzima.

— Kweli?

— Kweli.

Akasimama pale pale, anahema, godoro bado kichwani. Mumbere akasimama naye. Nyuma ya msichana akatokea mzee Ézéchias, kiatu kimoja, koti limegeuzwa ndani nje. Alikuwa ameifikisha familia yake bondeni, akawatazama mmoja mmoja, akaona pengo la Jokébed, akarudi kumfuata.

Akaangalia bafle. Akaangalia groupe inayotoa moshi, na Maskio anayetoka chini ya benchi akijikung'uta.

— Wasibire, akasema, maana hata siku ya vita salamu ni salamu.

— Wasibire, tata, wakaitika, kwa heshima ya baba.

— Ile ilikuwa kaseti yetu?

— Ndiyo, tata, alisema Mumbere.

— Nilisikia sauti yangu kule bondeni. Nikafikiri nimeshakufa.

Hakuna aliyejua kama hiyo ilikuwa sifa au lawama. Mzee akamgeukia binti yake.

— Jokébed. Batu bote walikimbilia kule bombe haiko. Mama yako, kule. Bandugu zako, kule. Weye ulibeba matela, ukakimbilia huku, kwenye bombe inalia. Juu ya nini?

Jokébed akainamisha macho, kichwa hakikuweza kwa ajili ya godoro.

Mzee akaligeukia benchi.

— Ninyi munajua vitu vyote, muniambie sababu. Juu ya nini?

— Kifizikia... alianza Profesa, akarudi kuupapasa mkono wake.

Dubai akarudisha kifundo mahali pake, polepole, bila kumtazama mtu. Maskio akajishika masikio, kana kwamba anayapima. Mama Berthe akainua termosi amkaribishe mzee kahawa, akaitikisa; haikutoa kitu.

Ézéchias alifuta jasho kwa mkono wa koti. Akaibinya bafle ya kwanza mgongo, kama alivyotabiriwa, lakini macho yake yalikuwa kwa binti yake, si kwenye bafle.

— Mumbere.

— Tata.

— Pokea mutoto ile matela. Iko nzito.