Papa Pasta Casimir Banza, Mtu Aliyejifunza Kukataa

Ndugu wapendwa, ba-papa na ba-mama, jamaa ya marehemu inawashukuru kwa kuja kukaa nasi kwenye kilio hiki, na inaomba masikio yenu kidogo, tuwaeleze alikuwa nani huyu tunayemsindikiza leo.

Papa Casimir Banza alizaliwa Panda, hapa Likasi, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne wa Papa Eugène, fundi wa kompani, na Mama Philomène, ambaye alimtuma kuliko watoto wengine wote, kwa kuwa huyu hakuwahi kununa. Alisoma shule ya msingi hukohuko Panda, akapata diploma ya ufundi mwaka 1976, na mwaka uliofuata akaanza kazi ya relwe, kwenye reli ya Shituru, ambako wenzake walimwachia zamu zao za sikukuu, naye akazipokea akicheka.

Tarehe 10 Julai 1982 alifunga ndoa na Mama Orpa, tunayemwona hapa mbele, na Mungu akawapa watoto watano, wa mwisho wao akiwa Joëlle. Mwaka 1991 aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa kusanyiko letu la Shituru, na hapo ndipo ile tabia ya kukubali kila kitu ilipopata shamba la kulima. Wengi wenu mnakumbuka Pasaka ya 2009, alipoziahidi kwaya mbili kwamba kila moja ndiyo itakayofungua ibada, zikasimama zote pamoja, kila moja na wimbo wake, naye katikati akiongoza moja kwa mkono wa kuume na nyingine kwa mkono wa kushoto, jasho likimtoka, mpaka kanisa zima likashindwa kuzuia kicheko.

Lakini Mama Orpa alijua kwamba uso mmoja tu uliokunjwa siku ya ibada ulitosha kumnyima mumewe usingizi wiki nzima. Mwezi wa saba 2016, siku Joëlle alipotetea kazi yake ya mwisho mbele ya walimu wa chuo Lubumbashi, gari likiwa limeshawashwa mlangoni, shemasi Bertin alifika kuomba nyumba yake mpya ibarikiwe asubuhi ileile, na Papa akashuka garini. Alipofika Lubumbashi walimu walikuwa wamekwisha kutawanyika, akamkuta binti yake amekaa peke yake kwenye ngazi, na nguo yake nzuri. Joëlle hakulia, alimwambia tu, "Bantu bote beko na weye, papa. Miye niko na nani?"

Neno hilo lilimwangusha. Alirudi akiwa hali wala halali, na daktari aliyempima alimwambia, "Papa Pasta, moyo yako iko muzima, weye njo unaichokesha," akampumzisha miezi mitatu, na kumpa mshauri wa kuongea naye. Huko ndiko alikotambua kwamba mengi aliyoyaita upendo yalikuwa hofu ya kuchukiwa.

Aliporudi madhabahuni, Mama Blandine, kiongozi wa wamama, alimwomba ahubiri kwenye semina yao siku ya Jumatatu, siku aliyokuwa amemwahidi mkewe kwenda naye ziwani Tshangalele kula samaki. Papa alisema, "Hapana, mama. Lundi iko ya Orpa." Kisha akakimbilia jikoni, akamuuliza mkewe kama yule mama atamchukia. Mama Orpa, akiendelea kusonga bukari, alimjibu, "Atakasirika, atalala, asubui atakunywa chai yake." Mama Blandine alikasirika kweli, akasali kwingine kwa muda, kisha akarudi, na leo ndiye anayesimamia chakula cha kilio hiki. Tangu hapo wachungaji vijana, Elie wa Panda akiwa wa kwanza, walikuja kwa Papa kujifunza kukataa bila kugombana, na aliwafundisha kwa furaha, ila si siku ya Jumatatu.

Novemba 2024 moyo wake ulianza kuugua kweli. Siku mbili kabla ya kutuaga, wazee wa kanisa walifika hospitalini wakiwa na mabishano yao ili ayakate, wakamkuta Joëlle ameketi kitandani, akimsomea upya ile kazi yake ya chuo tangu ukurasa wa kwanza. Papa aliwaambia kwa sauti ndogo, "Leo hapana, ba-papa. Niko na mutoto wangu." Wazee walitazamana, wakacheka, wakafunga mlango polepole, na mabishano yao wakayamaliza wenyewe pale nje. Alilala tarehe 6 Mei 2025, akiacha mjane, watoto watano na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Shituru, wenzake wa relwe, na kwaya zote mbili, ambazo leo zitaimba wimbo mmoja.

Papa Pasta, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani ya Bwana, wala usiamke kwa ajili yetu.