Mbuzi Mia Mbili na Kumi wa Bwana Hereni

Ndugu zetu mliokuja kulia nasi, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Hereni, kwa sababu ya hereni za namba alizowavalisha mbuzi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mama yetu mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akahitimu chuo cha mifugo Novemba 1984, na Februari iliyofuata akaajiriwa katika kituo cha utafiti, alikobaki hadi kilipofungwa. Tarehe 14 Juni 1990 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili, waliozoea kumwona baba yao akinywa chai amesimama, ili awahi bandani.

Mwaka 2003 alianza kazi aliyoipenda kuliko zote, ya kutafuta, kwa kupima vinasaba vilivyomo katika damu, mbuzi wanaohimili minyoo bila dawa, ili wazalishwe hao, wafugaji wasizidi kuzika mifugo yao. Kwa miaka kumi na sita alitoa damu, akahesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi, akaandika nani kazaliwa na nani, na mama alipomtania kwamba anawajua babu za mbuzi kuliko babu zake, hakubisha.

Tarehe 2 Septemba 2019, mfadhili akiwa amejitoa, uongozi uliamuru mifugo iuzwe, naye akaomba wasubiri majibu ya maabara, akaandika barua tatu, akashinda siku mbili mlangoni kwa mkurugenzi, hakusikilizwa, na mbuzi wote mia mbili na kumi wakapelekwa machinjioni. Majibu yalifika siku kumi na moja baadaye, yakionyesha kwamba beberu mmoja na uzao wake walikuwa na kile hasa alichokitafuta. Alimkabidhi wifi karatasi, akasema, "Majibu yapo, mbuzi hawapo," akaenda kulala mchana kweupe.

Januari 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akasafishwa damu mara mbili, akakataa ya tatu, wifi akambembeleza wee, wapi, akafariki tarehe 27 Agosti 2023, saa nne asubuhi, wodini. Niliambiwa niandike kwamba aliondoka ameridhika, nimeshindwa, maana nilimuuguza mimi, na sikuliona hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maji, na wafanyakazi wenzake, hata mliotia saini ile amri, kwa kufika. Kaka, pumzika sasa, na amani uliyoikosa kwetu uikute huko.