Erina Komuhangi na Ramani Aliyoizima

Bi. Erina Komuhangi, msimamizi wa safari wa kampuni yetu ya Teksi za Milimani, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya sherehe, nilimfuata ofisini kumuuliza angependa nitaje nini. Hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

"Yeseri, andika habari za Vasta," alisema. "Kama hutaandika hizo, weka jina langu na tarehe, basi."

Kwa hiyo mniwie radhi. Wasifu huu hautachekesha sana, ingawa nitaanza na yale ya kuchekesha, kwa kuwa nayo yalitokea.

Mama Erina, kama tunavyomwita sote, alizaliwa hapa Kasese. Baba yake alikuja kwa kazi ya mgodi na hakurudi tena kwao. Mwaka 1998, alipoajiriwa, kampuni ilikuwa na magari machache na redio moja ya upepo iliyokoroma kuliko ilivyosema. Yeye ndiye aliyekaa kwenye redio hiyo. Alimjua kila dereva kwa sauti, na akisikia ulimi umekuwa mzito kwa pombe au usingizi alisema neno moja tu: "Paki." Dereva alipaki hapo hapo alipo, akangoja mwenzake aje kuchukua abiria. Wapo waliomnunia kwa hilo. Wengi wao wako hai na leo wamekaa viti vya mbele.

Mwaka 2018 ilikuja GPS. Meneja wetu wa wakati ule, Bwana Fred Okot, alifunga kifaa katika kila gari, na skrini kubwa ikatundikwa mapokezi. Kila teksi ilikuwa nukta ya kijani yenye namba yake, ikitembea kwenye ramani ya mji na ya barabara nzima hadi Bwera na mpakani. Mteja naye aliweza kuiona ramani hiyo hiyo katika simu yake. Jioni kompyuta ilikusanya safari zote za siku na kuzichora kuwa picha moja. Siku ya soko, barabara ya Bwera ilivimba nyekundu kama mshipa wa shingo, na njia za kupanda milimani zikawa nyembamba kama nyuzi.

Mama Erina aliipenda ramani ile kupita sisi wote. Wageni walipokuja alisimama mbele yake kama mwalimu: hawa wanakwenda mpakani, hawa wametoka misa ya kwanza, hapa mto umefurika na magari yanarudi. Wakuu wa mji waliitumia kuhamisha kituo cha teksi kilichokuwa kinaziba mlango wa soko. Alijivunia jambo hilo, na alistahili.

Vifaa vya mwanzo vilikuwa na vituko. Siku moja gari la dereva wetu Kakuru lilionekana katikati ya Ziwa Katwe, lile la chumvi. Mama Erina akampigia simu mbele ya wateja. "Kakuru, umeanza kuchimba chumvi na gari la kampuni?" Kakuru akajibu, "Mama, niko Kabatoro, kando ya ziwa, juu ya lami, na abiria anakusalimia." Mapokezi palicheka siku nzima.

Tukaendelea kumcheka Kakuru kwa sababu nyingine. Nukta yake ilisimama kila alasiri kwenye nyumba moja hapo Kabatoro, na tukaamua kwamba ana mke wa pili. Tulimwimbia nyimbo za harusi. Alivumilia, mpaka siku moja akasema kwa sauti ya chini, "Ni baba yangu iko pale. Alipooza. Ninaenda kumuogesha." Mama Erina alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka mezani, akawatazama wote waliokuwa mapokezi, akasema mambo ya nyumba ya mtu yasitajwe tena mbele ya skrini hiyo. Nadhani siku ile ndipo alipoanza kuitazama ramani kwa jicho jingine.

Vasta Kukunda alikuwa dereva pekee wa kike kwenye njia yetu ya Bwera. Wengi mnamkumbuka kwa kofia yake ya njano na jinsi alivyopiga honi mara mbili akipita hapa. Alikuwa amemwacha mume aliyekuwa akimpiga, akahama kutoka Bwera na kupanga chumba Kisinga, kwenye njia hiyo hiyo, bila kumwambia mtu. Jina la mume huyo hatuliandiki katika karatasi ya heshima.

Asubuhi moja mwaka 2021 Vasta aliingia ofisini, akafunga mlango nyuma yake. Nilikuwepo.

"Mama, ile mutu ananipigia simu," alisema. "Ananiambia, jana ulilala Kisinga, juzi pia Kisinga. Mimi sikumwambia mutu yeyote. Anajua namba ya gari yangu. Ni hii ramani iko inamuonyesha. Munitoe pale."

Mama Erina hakumwambia angoje. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Okot, na ukuta wetu ni mwembamba, tuliyasikia yote.

"Mama, gari lisiloonekana mteja atalipataje? Tukimtoa mmoja, kesho wote watataka kutolewa."

"Huyu anaogopa kuuawa, bosi."

"Basi hilo ni la polisi. Sisi ni watu wa usafiri."

Vasta alikuwa ameshatoa taarifa huko. Mama Erina akafikiri njia nyingine: akamshauri asilaze gari nyumbani, bali aliache karibu na lango la hospitali ya misheni hapo Kisinga, penye walinzi na watu, kisha atembee kwenda chumbani. Kwa majuma kadhaa Vasta alifanya hivyo. Nukta ikalala hospitalini badala ya nyumbani, na sisi tukapumua.

Yule mwanamume hakuhitaji kukijua chumba. Alihitaji kujua gari liko wapi. Asubuhi moja Vasta alipolifuata, alimkuta amesimama ubavuni mwa gari na panga, akamkata kabla walinzi hawajafika. Madaktari walijitahidi, lakini Vasta alifariki kabla ya adhuhuri. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja.

Sisi hapa Kasese tulipata habari kwa simu, na tulipoinua macho, nukta yake ilikuwa bado kwenye skrini, kijani, imesimama Kisinga, huku nyingine zote zikipita kando yake. Wateja waliokuwa wakingoja waliitazama bila kujua. Mama Erina akaingia chumba cha kompyuta na kuchomoa waya.

Simu za wateja zilianza kulia mara moja. Bwana Okot akatoka.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna."

"Washa, Mama."

"Sitawasha. Washa wewe."

Bwana Okot aliiwasha mwenyewe alasiri ile ile. Siku tuliyomzika Vasta, ramani ilikuwa inafanya kazi kama kawaida.

Kesi ilipofika mahakamani, Mama Erina aliitwa kuwa shahidi. Kabla ya siku hiyo aliitwa pia na meneja, akaombwa aseme kwamba Kisinga ni mahali padogo na mtu yeyote angeweza kuulizia njiani. Alinisimulia haya akiwa anamenya ndizi, bila hasira, kama mtu anayesimulia safari ya jana. Mahakamani wakili alimuuliza mshtakiwa alimpataje marehemu. "Nilifungua simu," alisema. Kisha akaulizwa Mama Erina kama inawezekana kumpata mtu hivyo.

"Inawezekana," alijibu. "Ni ramani yetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonyesha wageni jinsi ilivyo nzuri. Marehemu alituomba tumtoe, na hatukumtoa."

Mtu yule alifungwa. Mama Erina naye aliondolewa kwenye usimamizi wa safari na kupelekwa kaunta ya vifurushi, nyuma, karibu na choo. Alikaa huko karibu miaka miwili. Mwanamke aliyekuwa akipanga magari ya wilaya nzima alikuwa akigonga mihuri kwenye magunia ya kahawa na maboksi ya vifaranga. Baadhi yetu tuliacha kupita upande ule kwa kuogopa kuonekana naye. Madereva hawakuacha. Kila aliyekwenda kuchukua kifurushi alibaki kidogo. Kakuru ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hatawasha kifaa akiwa nje ya kazi, na wengine wakamfuata; waliolazimishwa wakarudisha funguo, mpaka magari yakaanza kukosa madereva.

Bwana Okot aliondoka mwaka 2023. Uongozi mpya ulimrudisha Mama Erina kwenye meza yake na kumleta mhandisi kutoka Kampala, Bi. Rahmah, watengeneze ramani nyingine. Mama Erina alikuja na pendekezo moja: namba za magari zifutwe, ibaki mistari tu. Rahmah hakubishana. Alichukua mistari ya mwezi mmoja isiyo na namba wala jina, akaitazama kidogo, akaweka kidole.

"Mama, kuna gari linalomtoa mtu hapa na kumleta ofisini kila asubuhi, na kumrudisha jioni. Hii ndiyo nyumba yako?"

Ilikuwa nyumba yake. Aliketi. Walikaa siku nyingi wawili hao, mara nyingine wakinuniana, hadi ikapatikana ramani tuliyo nayo leo. Inaonyesha msongamano wa magari yote kwa pamoja, mistari minene na myembamba, baada ya muda kupita. Mwanzo na mwisho wa kila safari hukatwa. Anayeliona gari ni abiria aliyeliita tu, na akishuka halioni tena. Dereva akimaliza kazi, kifaa kinalala.

Wengine husema ramani ya zamani ilikuwa nzuri zaidi. Ni kweli. Picha ya sasa ina mapengo, na Mama Erina hajawahi kukubali yajazwe.

Mwaka jana aliingia ofisini mwanamke kuomba kazi ya udereva. Jina lake Shallon, ni mdogo wake Vasta. Mama Erina alimtambua kabla hajajitambulisha. Hawakuzungumza juu ya marehemu. Shallon aliomba kwanza aonyeshwe ramani, akaisogelea skrini, akaitafuta kwa muda mrefu barabara ya Kisinga.

"Mimi nitakuwa wapi hapa?"

"Hutakuwapo," alijibu Mama Erina. "Hata mimi sitakuona."

Shallon alinyoosha mkono kupokea ufunguo. Leo yuko barabarani, pengine Bwera, pengine njiani kurudi. Sijui, na sipaswi kujua.

Mama Erina, kwa niaba ya madereva, mafundi na wote wa ofisini, tunakushukuru kwa miaka ishirini na saba, hasa ile miwili uliyokaa nyuma karibu na choo. Pumzika. Lima shamba lako, watembelee wajukuu, lala mpaka jua lipande mlima. Hatutakuulizia ulipo. Siku utakapotaka tujue, piga simu, na yeyote kati yetu atawasha gari aje.

Yeseri Musinguzi
Idara ya Magari, Kasese