Gervasi na Ukoo Wake Wote

Benchi letu liko Sindo, kati ya duka la nyavu na kinyozi, pale barabara inapoanza kushuka kwenda ziwani. Usitudharau. Hapa tumeshakata kesi zote za Homa Bay na Migori, ila hakuna mtu amekuja kuchukua hukumu. Mimi naitwa Machuki, nauza ndizi, kwetu ni Nyamira. Willis ni dalali wa mashamba, tunamwita Spika kwa sababu mtu hafungui mdomo kabla yake. Cephas tunamwita Wakili. Aliwahi kufagia korti, na kwa maelezo yake ufagio ulisikia kesi nyingi. Monicah, mjane, anauza omena. Yeye hana jina la utani kwa sababu tunamwogopa. Kahawa ni ya Gervasi. Watu wa hapa ni wa chai ya maziwa. Kahawa chungu ilikuja na huyu mtu, na birika lake la shaba, alipoletwa na wavuvi wa Mwanza akiwa kijana. Mama yake alimzaa njiani akikimbia vita Burundi, akamlea Kigoma, na hakuna serikali iliyomwandika, huku wala kule. Sasa ana mvi, na kitambulisho hana. Alhamisi iliyopita kamati ilikaa kwa ofisi ya chifu kusikiza kama abaki au aende. Tukaenda kumtolea ushahidi. Tukaharibu. Jumatatu ndiyo mara ya mwisho. Wakimkataa anapelekwa mpakani Isebania na kuvushwa Tanzania, kwa watu ambao pia hawamjui.

— Mmenimalizia mtu, Spika alianza, hata kikombe hakijamfikia.

— Nani amemmaliza? Wakili akaruka. Si ni wewe ulisema ni mtoto wa ami yako?

— Omera, ndugu yangu, mimi ndiye niliingia wa kwanza! Nikasema huyu ni damu yetu, babake na babangu walinyonya titi moja. Nyinyi mlitakiwa kuingia, mseme "ni vile Spika amesema," mtoke.

— Na ungetuambia saa ngapi? Ulitokea mlango wa nyuma ukaenda kunywa soda.

— Koo lilikuwa limekauka. Wewe ulisema nini?

— Nilisema ni shemeji yangu. Ameoa dada yangu.

— Dada gani?

— Yule wa Nakuru.

— Yule bwana yake ni askari?

— Kamati haijui hiyo, Wakili akasema, akipuliza kahawa yake.

Monicah alikuwa amesimama na beseni yake ya omena. Yeye hakai na sisi. Anasema benchi letu linaambukiza.

— Mimi nilisema ndiye alinirithi.

Gervasi alikuwa anamimina, kahawa ikamwagika kidogo. Alikuwa hajui ana mke.

— Nilisema mzee wangu alipokufa, ndugu yake akaniangalia, kama desturi inavyotaka. Na huyo ndugu ni huyu. Nikampa ukoo na boma kwa neno moja. Nyinyi wanaume mlikuwa mnazunguka tu.

— Mama Monicah, Gervasi akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kigoma kilichopigwa pasi, nakushukuru kwa heshima hiyo.

— Usinishukuru. Paa langu linavuja, na kamati sasa inajua ni kazi yako.

Tulicheka mpaka kinyozi akatoka nje na wembe kutuangalia. Halafu Spika akanigeukia mimi.

— Na wewe, Msabato unayekunywa kahawa, ulisema nini?

— Hii si kahawa. Ni dawa ya kifua.

— Sawa, daktari. Ulisema nini?

— Nilisema tulitahiriwa pamoja, Nyamira.

Wee! Wakili alijipiga paja, Monicah akaweka beseni chini. Wacha wacheke. Kwetu ukisema ulienda jandoni na mtu, mambo yamekwisha, hakuna swali lingine. Mimi nilijuaje kwamba kamati itakuwa ya Wajaluo watupu, watu wasio na jando? Mwenyekiti aliniuliza polepole, mzee wa adabu: mtoto wa ami ya Willis alifikaje kutahiriwa Nyamira? Nikamwambia alikuwa anatembea.

Mwisho wakamwita Gervasi mwenyewe. Yeye akasema ukweli wote, tangu njiani mpaka birika. Kwa hiyo yeye peke yake ndiye alionekana mwongo. Mwenyekiti akafunga akisema huyu mtu ana watu wengi kuliko kamati nzima, twende tukubaliane alizaliwa mara ngapi, turudi Jumatatu.

— Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, Spika akasema. Basi tujenge ukuta! Tunachukua hizi uongo zote, tunaziunganisha, inakuwa moja kubwa. Haba na haba.

— Hiyo methali ya ukuta inakataza, Monicah akamwambia.

— Inakataza wavivu. Sikiza. Ni mtoto wa ami yangu, akapotea akiwa mdogo akifuata ng'ombe, akaokotwa na Wakisii, wakamtahiri...

— Hatuokoti watoto, nikasema.

— Hii mmeokota. Akarudi, akaoa dada ya Wakili, akaachwa, akamrithi Monicah.

— Mimi sirithiwi na mtu ameachwa, Monicah akasema. Mpange vizuri.

Wakili akainua kidole, vile hufanya akiingia sheria.

— Mnapoteza wakati na damu. Shida ni mpaka. Mpaka ulichorwa na Mzungu na rula, juu ya meza, na siku hiyo alikuwa na malaria. Mkono ukateleza. Bila malaria, Kigoma yote iko Kenya. Jumatatu tunaomba kamati isogeze mpaka.

— Kamati ya chifu isogeze mpaka?

— Kidogo tu. Mpaka ufike kwa kina Gervasi, halafu wanaurudisha.

— Huo mchezo ni mrefu, nikasema. Mimi naonanga vile hufanywa soko la Ogwedhi. Ng'ombe anatoka huko mbali, hujui baba wala mama. Akishauzwa, akapigwa alama sikioni, ni wa hapa. Hakuna mtu humuuliza tena.

Gervasi akashika sikio lake.

— Ng'ombe ni mdogo! Spika akasimama kabisa. Nyumbu! Kila mwaka nyumbu wanatoka Tanzania, malaki kwa malaki, wanavuka mto wanaingia Mara. Kuna hata mmoja ameulizwa kitambulisho? Wanapigwa picha! Wazungu wanalipa kuwaona wakiingia! Sasa mtu mmoja na birika ndiye anajaza nchi? Jumatatu sisemi ukoo tena. Nasema huyu ni mnyama wa porini, alindwe. Kama kamati inataka, apelekwe pale mbuga ya Lambwe, sisi tutakuwa tunaenda kunywa kahawa huko.

Hapo benchi lilishangilia. Wakili alimpa mkono. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliona Spika amepigilia msumari.

— Lakini nyumbu hurudi, Spika, Monicah akasema.

Wakili akauachia mkono wa Spika.

— Mimi sina pa kurudi, Gervasi akasema. Hakusema kwa uchungu, alisema vile mtu anakwambia sukari imeisha. Mama alikufa. Kigoma walionijua walinijua nikiwa mtoto. Wakinishusha pale Sirare, ng'ambo ya Isebania, nitauliza njia kama mgeni.

Niliumia. Sisemi uongo, niliweka ile dawa ya kifua chini. Huyu mtu alikuwa hapa kabla kifungua mimba wangu hajazaliwa, na huyo sasa ana watoto wake. Aliwahi kumkimbiza mtoto wangu mdogo hospitali Homa Bay akiwa na degedege, mimi nikiwa Kisii kutafuta ndizi. Halafu sisi tunakaa hapa tunamfanya nyumbu.

Ndipo binti mmoja akateremka kwa pikipiki, na begi begani, akatusalimia sote kwa mkono, mmoja mmoja. Anaitwa Sheila. Ni mtoto wa huku Suba, lakini anafanya kazi Migori na wale watu wanaosaidia wasio na karatasi. Gervasi ndiye alimpigia simu, bila kutuambia. Akachukua kikombe, akanywa yote, hakukunja uso. Tukampenda hapo hapo.

— Nyinyi ndio mashahidi?

— Ni sisi, mama, Spika akasema. Na safari hii tumejipanga. Kuna habari ya nyumbu...

— Habari ya nyumbu muiache hapa. Nimeongea na mwenyekiti. Hawatafuti tena baba wa huyu mzee. Uongo wenu waliusamehe, walicheka mpaka jioni. Wanajua amekaa hapa miaka mingi. Wanachotaka kujua ni kama ni mtu wa hapa.

— Ni wa hapa! Spika akapiga benchi.

— Wa hapa kabisa! Wakili akapiga pia.

— Kuliko hawa, Monicah akasema, akituonyesha kwa kidevu.

— Vizuri. Basi mwenyekiti atawauliza swali moja, lile la wazee. Nataka kusikia mtajibu aje, ili Jumatatu msiaibike.

— Uliza hata kumi, Spika akasema.

— Akifa leo, mtamzika kwa boma la nani?

Kama wewe si wa huku utaona ni swali dogo. Kwa Wajaluo mtu hazikwi ovyo, anazikwa dala, kwa boma lake, na kama hana, kwa boma la watu wake. Hapo ndipo hujulikana nani ni mwenyeji na nani ni jadak, mtu amekaribishwa akae tu. Sisi Wakisii ni hivyo hivyo. Mimi nikianguka hapa, ndizi zangu hazijaiva ndugu zangu watakuwa wamefika na gari kunirudisha. Kaburi langu najua litakuwa upande gani wa nyumba.

Wakili akaanza kuchunguza kiatu chake.

— Unajua yule dada yangu... lile boma la Nakuru ni la yule askari.

— Mrithi huzikwa kwao, Monicah akasema, chini kabisa. Sijawahi kumsikia akisema chini. Ndiyo desturi. Hazikwi kwa mume wangu.

Macho yote yakaenda kwa Spika, dalali, mtu ambaye ameuza mashamba kutoka Lambwe mpaka karibu na maji.

— Yetu iko na kesi, akasema. Ndugu zangu... ile shamba ni ya ukoo, si yangu peke yangu. Mtu akishazikwa mahali, hiyo mahali imekuwa yake.

Mimi sikuulizwa. Nilishukuru Mungu, halafu nikaona haya kwa kushukuru.

Sheila hakusukuma mtu. Alikuwa na kikombe tupu mkononi, akingoja. Na Gervasi, ambaye miaka yote hii anatumiminia akiwa amesimama, akaweka birika chini, akasogeza makalio ya Wakili pembeni na mkono, akaketi katikati yetu.

— Jibuni basi, akasema. Hata mimi nataka kusikia.

Akatuangalia mmoja mmoja, akaishia kwa Spika. Na Spika akanyoosha kikombe aongezewe kahawa.

Ilikuwa imeisha.