Historia ya Bi Fafanua, Mkaguzi wa Maelezo

Ndugu, majirani na wote mliofika, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yetu, dada wa baba yangu, niliyekaa naye tangu nikiwa na miaka tisa. Nitasoma polepole, kwa sababu yeye hakupenda mtu asome kwa kukimbia, na kuna mstari mmoja tuliobishania nyumbani hadi asubuhi ya leo, kuhusu mtoto wake, nao nitausoma pia.

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Aprili 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, na baba anasema alikuwa mtoto wa maswali, ukimtuma chumvi anauliza ya mawe au ya unga, ukimwita anauliza aje na viatu au bila viatu. Alianza shule ya msingi mwaka 1982, akamaliza sekondari mwaka 1993, kisha akasomea uhazili.

Februari 1996 aliajiriwa katika kiwanda cha majiko ya umeme, akiandika zile karatasi za maelezo zinazokunjwa ndani ya boksi, ambazo wengi wetu hutupa pamoja na boksi, naye alilijua hilo na bado alizirudia mpaka ziwe wazi. Huko ndiko alikobandikwa jina la Bi Fafanua, likamfuata hadi mtaani, hata muuza maziwa alikuwa akimtania, "Bi Fafanua, leo maziwa ni meupe, nifafanue zaidi?" naye anamjibu, "Fafanua maji umetia kiasi gani."

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998 na dereva wa malori, na mwaka 2000 wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Mumewe alifariki kwa ajali mwaka 2011, na mtoto wao, ambaye mimi namwita kaka, aliondoka Juni 2019 kwenda kufanya kazi ya ujenzi nchi ya mbali, mwanzoni akipiga simu kila Jumapili, baadaye mara moja moja, baadaye kimya.

Machi 2023 kampuni moja ya kompyuta ilimpa kazi ya kufanyia nyumbani. Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazofanya kazi zenyewe ndani ya kompyuta, na kila chombo zinachotumia, yaani programu ndogo ya kazi moja, huandikiwa maelezo, nazo huyafuata kama yalivyo, haziwezi kumgeukia jirani na kuuliza, kwa hiyo shangazi aliyasoma maelezo hayo na kuyapa alama. Chombo kilichomsumbua kuliko vyote kilikuwa kidogo tu, cha kuorodhesha mafaili yaliyomo ndani ya folda.

Alikuwa na namna yake ya kukagua, alinikalisha kwenye kigoda jikoni, akanipa maelezo yaliyoandikwa kwa mtindo ule ule, nitaje vilivyomo kwenye kabati, bila kuuliza lolote. Siku moja aliniambia nitaje vilivyomo kwenye droo ya nne, na kabati letu lina droo tatu, nami kwa kuwa maelezo hayakusema nifanye nini, nikajibu hakuna kitu, akapiga meza kwa furaha, "Ndiyo hiyo! Droo haipo, wewe umesema haina kitu, na atakayekuamini ataacha kutafuta." Chombo kile kilifanya hivyo hivyo, folda tupu na folda isiyokuwepo zilipata jibu moja, na maelezo hayakusema lolote juu ya hilo, akayapa alama mbili kati ya tano. Msimamizi wake alipiga simu kumbembeleza azipandishe, akisema, "Mama, imekosekana sentensi moja tu," naye akasema, "Kama ni moja tu, si muiandike." Hawakuiandika, hakuzipandisha, na kazi alizotumiwa zikapungua, ikawa anakaa mezani, kompyuta imefungwa, simu ameilaza kioo juu, kaka asije akapiga asiione.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024, nami niliacha shule kidato cha pili ili nimpeleke kusafishwa damu, jambo ambalo hakulipenda hata siku moja. Alifariki tarehe 3 Novemba 2025, wodini, nikiwa nimempakatia mkoba wake.

Tulipokaa kuandika historia hii, baadhi ya wakubwa walisema kaka asitajwe, kwamba amemsahau mama yake na kumtaja ni kujiaibisha mbele za watu. Tumempigia tangu shangazi alipofariki, simu inaita, haipokelewi, nami nikawaambia kwamba simu inayoita si sawa na namba isiyokuwepo, na kwamba tukinyamaza hapa, mtakaosikia mtadhani shangazi hakuwa na mtoto. Baba akanisogezea kalamu, akasema, andika. Basi imeandikwa hivi: ameacha mtoto mmoja wa kiume, simu yake inaita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani waliotupikia, muuza maziwa aliyekuja na ndoo zake zote, na msimamizi wake, ambaye leo mlangoni ametueleza kwamba sentensi ile imeongezwa wiki iliyopita, ingawa mwenyewe hakuiona.

Pumzika kwa amani, shangazi, simu yako tumeiacha kwenye chaji.