Mvumo Mmoja Kutoka Safu ya Nyuma

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, Bi Nukta anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya majina ya mtandao kwa miaka ishirini na tisa. Tarehe hiyo iandikeni vizuri, maana hadi juzi mchana hakuna aliyekuwa na uhakika nayo.

Kwa wageni wa jarida hili: sisi ndio tunaotunza zile herufi mbili za nchi yetu zinazokaa mwishoni mwa anwani ya tovuti. Shule, duka, hospitali, yeyote anayetaka jina lenye herufi hizo hupitia kwetu. Bi Nukta alipoajiriwa kama msaidizi wa mitambo, ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya viti, chenye feni iliyopiga kelele kuliko kompyuta zote. Jina la utani alilipatia kwenye simu. Akimsomea mteja anwani, alitamka kila nukta kama anayemkaripia mtoto, mpaka wateja wakawa wanaomba kuongea na yule mama wa nukta.

Enzi hizo herufi zetu hazikuwa mikononi mwetu. Zilisajiliwa na profesa mmoja wa ng'ambo, mtu mwema aliyetusaidia wakati sisi hatujui hata mtandao ni mnyama gani. Profesa akazeeka, akaacha kujibu barua, na kubadilisha kitu kidogo tu kukawa kunachukua miezi. Taasisi ya kimataifa inayosimamia majina haya ikasema iko tayari kuturudishia, ila kwa sharti moja: wadau wote wa nyumbani wakubaliane nani atazitunza. Lo! Hapo ndipo patashika ilipoanza. Wizara inazitaka, chuo kinazitaka, wenye kampuni wanazitaka.

Bi Nukta alikuwa ametoka kwenye mkutano wa wahandisi wa mtandao duniani, na huko alikuwa ameona kioja. Ukumbi mzima wa watu wazima, na ndevu zao, walifumba midomo wakavuma kama nyuki. Alidhani wanasali. Kumbe ndivyo wanavyoamua mambo, kwa kuwa mtandao hauna orodha ya wanachama wa kupigishwa kura. Wanaokubali huvuma, kisha wanaopinga huvuma, na mwenyekiti husikiliza. Hata mvumo ukiwa mdogo namna gani, mwenyewe huulizwa sababu.

Akatuletea desturi hiyo kwenye mkutano wa wadau, akaachiwa auongoze. Mkurugenzi wa wizara alivuma akiwa amenuna. Mwakilishi wa kampuni alicheka mpaka akapaliwa. Lakini ilifanya kazi. Waliokubali kwamba herufi zitunzwe na ofisi huru ya wote, ndiyo hii yetu, walivuma hadi vioo vikatetemeka. Wakaitwa wanaopinga. Kimya. Watu wakaanza kubeba mikoba, na ndipo ukasikika mvumo mmoja mwembamba kutoka safu ya nyuma.

Alikuwa mpiga picha! Mtu aliyeitwa kutupiga picha tu, naye kavuma. Watu wakawaka: maombi ya kurudishiwa herufi yanatakiwa kutumwa jioni ile, na huyu si mdau. Bi Nukta akamuuliza kama ana tovuti. Anayo, ya studio yake. Basi ni mdau, akasema, na wote wakae chini. Mpiga picha akaeleza kwamba bodi iliyopendekezwa ina viti vya wakubwa watupu. Mtumiaji wa kawaida akionewa atakwenda kulia kwa nani? Tukaongeza kiti cha watumiaji wa kawaida, maombi yakatumwa jioni ileile, na herufi zikarudi nyumbani. Mwaka uliofuata mpiga picha alimwoa Bi Nukta. Nani alianza kuvuma safari hiyo, msituulize.

Bi Nukta alipanda hadi kuwa mkurugenzi wa ofisi yetu. Huko kwenye mikutano ya dunia alilivalia njuga suala la majina ya mtandao kuandikwa kwa hati za lugha nyingine, kama Kiarabu na Kichina, na hakulala mpaka likapita. Yeye pia ndiye aliyekuwa mkuu siku jina la ofisi yetu wenyewe lilipoisha muda na tovuti yetu ikatoweka, kwa sababu barua ya kukumbusha ilikwenda kwa mtu aliye likizo. Sisi tunaokumbusha wengine! Alicheka hadi machozi, akabandika picha ya ule ukurasa mtupu jikoni mwa ofisi. Ipo mpaka leo.

Sasa ya juzi. Bodi ilimwomba abaki miaka miwili zaidi, nasi wafanyakazi tulimng'ang'ania. Mimi nilikuwa na hofu hasa. Sijui ofisi hii bila yeye. Bi Nukta akasema tuvume, yeye atasikiliza. Wanaotaka abaki tulivuma mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kama jenereta limeharibika. Wakaitwa wanaopinga. Kimya. Tulishaanza kupiga makofi, mara ukaja mvumo mmoja, nyuma kabisa, nyuma ya kamera.

Mumewe, aliyekuja kutupiga picha za jarida hili, akaulizwa sababu. Akasema mikutano ya dunia hufanyika kwa saa za watu wengine, na miaka yote hii amekula chakula cha jioni akiutazama mlango uliofungwa, huku mkewe ndani anaiuliza dunia nzima maoni yake. Yeye pia, akasema, ni mtumiaji wa kawaida wa nyumba ile, anaomba kiti. Tulicheka. Kisha tukaona yeye hacheki.

Bi Nukta alivua miwani, akaifuta. Hajawahi kufunga mkutano bila muhtasari, lakini huu aliufunga kwa mstari mmoja tu. Akaandika ubaoni tarehe ya Ijumaa, akaweka nukta.

Asante, Bi Nukta. Tutakukumbuka mno, na pengo lako litatuuma. Uwe na afya, uwe na furaha, na chakula cha jioni mkile wote wawili, kikiwa bado cha moto.